Fedha ya Mudrik na Mlango wa Sheikh Kinana

Ndugu zangu katika imani, kabla sijaanza sina budi kuungama. Kisa hiki niliwahi kukisimulia hapa hapa, kwenye darsa ya alasiri, na nilikisimulia vibaya. Nilikipokea nusu, nikakitoa nusu. Niliwachekesha kwa habari za wezi wawili waliotoroka na fedha ya mgodini wakaifukia, na vijana wakaondoka wakiulizana kilima chenyewe kiko wapi. Wale watu hawakuwa wezi. Nimewasengenya maiti, tena msikitini, tena kwa kicheko. Astaghfirullah. Leo kisikilizeni kizima.

Wamepokezana waliotutangulia kwamba zama za kale, katika milima ya Yemen, kulikuwa na kijiji kilichoishi kwa kuchimba fedha. Mgodi ulipoanza kukauka, msimamizi wake, mtu aitwaye Kinana, aligundua mkondo mpya wa fedha upande wa pili wa mlima. Akawachagua wachimbaji wawili, Mudrik na Thabiti, akawapeleka huko kwa siri mpaka apate uhakika. Siku moja akarudi peke yake. Akasimama kwenye mlango wa msikiti baada ya swala ya Ijumaa, akasema, "Enyi watu, Mudrik na mwenzake wametuibia. Wamekomba fedha yote, wameifukia wanakokujua wenyewe, na wametoroka."

Watu wakaamini. Kwa nini wasiamini? Kinana alikuwa mtu mzito, hasemi ovyo. Miaka ikapita. Akauacha usimamizi, akawa muadhini wa kijiji, mfungaji wa Jumatatu na Alhamisi, na watu wakawa wanamwita Sheikh. Njia ya kwenda kwenye shimo la upande wa pili ikamezwa na miiba. Kilichobaki ni hadithi ya hazina ya Mudrik, na kila aliyeisimulia alikuwa na mahali pake pa kuchimba.

Mudrik aliacha binti, jina lake Safura. Alikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni siku ile baba yake alipoitwa mwizi. Alikua, akaolewa, akafiwa na mume, na muda wote huo alikuwa akisaga mtama wa watu ili apate kula. Ukimwona utasema ni mwanamke mpole. Hakuwa mpole. Alikuwa na hasira kama kaa la moto lililofunikwa jivu, na kila siku alimwomba Mola wake amzuie asije akamchoma mtu. Wanawake wenzake kisimani hawakumsaidia.

"Safura, leo unapika dengu au unapika fedha?"

"Mwacheni, mwaka huu anaivisha taratibu!"

Wakicheka, yeye alijaza mtungi wake, akajitwisha, akaenda zake akiwa ameuma meno. Mama yake alikufa kwa vicheko hivyo hivyo.

Sasa akatokea mtu wa mjini aitwaye Wahb. Huyu alikuwa mwanafunzi wa elimu ya mapokezi, katika wale wanaohifadhi nani amesikia kwa nani, na huyo naye kasikia kwa nani, mpaka mwanzo wa habari. Ni elimu tukufu. Lakini Wahb aliiacha halaka, duara la darasa la walimu wake, akaibeba elimu ile ile kwenda kutafutia migodi iliyopotea na hazina zilizofukiwa. Alizunguka vijiji vya mlima ule akikaa na wazee, akihifadhi kwa kichwa kila alichoambiwa. Mwisho akafika kwa Safura.

"Assalamu alaykum, bibi."

"Wa alaykumu ssalam. Kama umeleta mtama, uweke pale."

"Sikuleta mtama. Nimekuja kwa habari ya baba yako."

Jiwe la kusagia likasimama.

"Mlima mzima umenipa habari moja," Wahb akasema. "Haitofautiani hata neno. Jambo lililopokewa na watu wengi namna hii haliwezi kuwa uongo. Umebaki wewe tu, bibi. Aliifukia wapi?"

Safura akainuka, unga umemjaa mpaka kwenye viwiko. "Angeifukia, mimi ningekuwa nasaga mtama wa watu? Itazame mikono hii. Itazame!"

"Huenda hakuwaambia."

"Huenda! Mama yangu amezikwa na hiyo huenda yako. Haya, msomi, niambie. Hao watu wako walimwona baba yangu akiiba?"

"Hapana. Walisikia kwa baba zao."

"Na baba zao walimwona?"

Wahb, kama mtu anayesoma somo lake mbele ya mwalimu, akaanza kuyataja majina. Huyu kasikia kwa huyu, huyu kwa yule, na yule kwa Kinana. Akaanza upande mwingine wa mlima. Kwa Kinana. Akataja mapokezi ya wafugaji. Kwa Kinana. Kila alipozidi kutaja, sauti yake ilizidi kushuka, kwa sababu kanuni aliijua tangu utotoni. Habari ikienea kwa vinywa elfu, kama chanzo chake ni kinywa kimoja, basi ni habari ya mtu mmoja tu. Tamaa ya fedha ilimsahaulisha somo la kwanza alilofundishwa.

Hapo angeweza kunyamaza na kwenda zake. Nani angemjua? Lakini alikaa chini, pale pale kwenye vumbi la unga.

"Wote wanaishia kwa mtu mmoja," akasema. "Nisamehe, bibi. Nimekuja kukuuliza wewe, na wa kuulizwa ni yeye."

Safura alichukua jiwe dogo la kusagia, lile la mkononi, akatoka nalo. Wahb akamfuata mbio akidhani anakwenda kuua.

Nyumba ya Sheikh Kinana ilijulikana kwa mlango wake. Katika milima ile mti ni adimu, watu hufungia nyumba zao kwa ngozi na matita ya miiba. Mlango wa Sheikh ulikuwa wa mbao nene za mkunazi, na wageni walioneshwa kama kitu cha fahari. Safura aliupiga kwa lile jiwe. Hakubisha hodi, alipiga. Kko! Kko! Kko!

Mlango ukafunguka. Mzee alikuwa amesimama, amejiziba masikio.

"Usigonge hivyo," akasema. "Binti Mudrik, nakuomba kwa Allah, usigonge hivyo."

"Nigongeje, ami?"

Mzee akaanguka kwa magoti, na yaliyokaa kifuani mwake miaka yote ile yakatoka. Mbao za mlango ule zililetwa kuegemezea paa la shimo jipya. Yeye akazichukua kwa nyumba yake, na shimoni akaweka vijiti. Paa likaporomoka, Mudrik na Thabiti wakiwa ndani. Alipofika akawasikia wakigonga ukuta kwa nyundo, jiwe kwa jiwe, wakiwa hai. Kuwafukua ilibidi aite kijiji kizima, na kijiji kingeviona vijiti. Akakaa nje ya shimo. Walipoacha kugonga, aliuziba mdomo wa shimo kwa mawe, akateremka kwenda kusema kwamba ni wezi.

"Nimefunga mpaka mbavu zimehesabika," akasema akilia. "Nimetubia kila alfajiri. Nisamehe, mwanangu, haya yaishe hapa, baina yetu sisi na Mola wetu."

Jamani, jiwe lilikuwa bado mkononi mwa Safura, na kichwa cha mzee kilikuwa chini ya mkono wake. Huu ndio ulikuwa mtihani wake. Wahb alisimulia baadaye kwamba aliona vidole vya Safura vikigeuka vyeupe. Kisha Safura akaliweka jiwe kizingitini, polepole, kama kitu kitakachovunjika.

"Baina yetu?" akasema. "Wewe ulimtukana baba yangu baina yetu? Ulisimama mlangoni mwa msikiti, Ijumaa, watu wamejaa. Utasimama hapo hapo. Mimi sitasema neno, na huyu mgeni hatasema. Utasema wewe."

"Watanipiga mawe."

"Baba yangu umempiga yote yaliyokuwepo."

Basi akasubiri. Msidhani subira ile ilikuwa tulivu. Alisaga mtama kwa hasira mpaka ukawa vumbi, alikwenda kisimani akatukanwa kama kawaida, na neno lilikuwa kwenye ncha ya ulimi, na hakulitoa. Ijumaa ikafika. Mzee akaadhini. Imamu akaswalisha, akatoa salamu. Watu wakainuka kutafuta viatu vyao. Safura, upande wa wanawake, alimwona Kinana bado ameketi, akasema moyoni, hatasema. Ndipo mzee akajikokota mpaka mlangoni, akashika mwimo kwa mikono miwili, na akayasema yote. Habari ya mlango, ya vijiti, na ya kugonga.

Kijiji kikapanda mlimani siku ile ile. Na hapa, ndugu zangu, ndipo ninapokasirika mimi mwenyewe. Wengi wao walibeba magunia! Wamekwisha kusikia kwamba watu walikufa wakigonga, na bado walibeba magunia.

Mawe yakaondolewa. Mudrik na Thabiti walikuwa mifupa, wamelala bega kwa bega kuelekea kibla. Kati yao palikuwa na kikapu cha mawe ya fedha, kimejaa, kimefungwa kamba, kama kilivyotakiwa kukabidhiwa. Hakuna kilichopungua. Mtu mmoja akanyoosha mkono kwenye kikapu.

"Rudisha mkono wako!" Safura akapiga kelele mpaka shimo likarudisha sauti. "Hawajaswaliwa!"

Hapo magunia yakaanguka. Hawakuwa wameswaliwa, kwa kuwa mwizi aliyetoroka haswaliwi, hujulikana tu kuwa yuko mbali. Wakawatoa, wakawavika sanda, na imamu akawaswalia. Wale wanawake wa kisimani walisimama nyuma wamejifunika nyuso. Kinana alisimama mwisho kabisa wa safu, na hakuna aliyetaka bega lake liguse la Kinana, ila Wahb.

Baada ya kuzika, mzee akamwendea Safura.

"Haki yangu mimi nimekuachia, kwa ajili ya Allah," Safura akasema. "Ya baba yangu, mtakutana naye, umwombe mwenyewe."

Akaenda zake kuosha mikono.

Ndugu zangu, tumeamrishwa kuhakiki habari kabla ya kuipokea, na toba juu ya haki ya mtu haitimii mpaka arudishiwe haki yake. Kinana alifunga miaka, akasahau kurudisha. Nami nina langu la kurudisha. Ninakuomba wewe uliyekisikia kisa hiki kwangu siku ile: mwendee uliyempa, mwambie Mudrik hakuwa mwizi.