Mama Aliyeanza na Mizani

Wapendwa, leo naomba twende wote supamaketi. Msitabasamu. Najua baadhi yenu mtapitia huko mkitoka hapa, na unga umeshawaingia kichwani tangu wimbo wa pili.

Kulikuwa na mama mmoja ambaye dukani alikuwa fundi. Sisemi fundi wa kutumia pesa, kutumia hata mimi naweza. Fundi wa kuingia na kutoka. Alikwenda Jumanne saa tatu asubuhi, wakati sisi wengine tunangoja Jumamosi tukakanyagane. Karatasi yake hakuiandika hovyo, sabuni, nyanya, halafu sabuni tena. Aliipanga kama rafu zilivyopangwa, asirudi nyuma hata mara moja. Kikapu chake kilikuwa cha kukunja, ili asipoteze muda kwenye kaunta ya kuachia mizigo. Na mnajua alianzia wapi? Kwenye mizani ya mboga. Sisi tunapima mboga mwisho, tunakuta foleni imefika kwenye mikate. Yeye alipima kwanza, mpimaji bado hajachoka, akabandikiwa stika zake, ndipo akaenda kwenye mafuta na unga. Hata foleni ya kulipia hakuichagua kwa urefu, alitazama mikono ya keshia. Nampenda sana mama huyu. Angegombea uzee wa kanisa ningempigia kura kwa ajili ya karatasi ile tu.

Lakini msidhani alikuwa na haraka zisizo na sababu. Nyumbani alikuwa na mume aliyepooza upande mmoja. Jirani alikubali kukaa naye kila Jumanne, ila ikifika saa tano lazima aondoke kuwahi zamu yake hotelini. Siku moja, kabla hajajifunza mambo haya, mama alichelewa. Akamkuta mume sakafuni, alianguka akijaribu kufikia maji. Kila mbinu aliyoipata baada ya hapo, aliipata kwa sababu ya sakafu ile. Tangu siku ile, kila Jumanne saa nne na nusu alikuwa ameshafika nyumbani.

Basi, Jumanne moja amefika karibu na keshia wake mwenye mikono myepesi. Mbele yake yupo mzee mmoja, shati limepigwa pasi upande wa mbele tu, ameweka mifuko minne: nyanya, vitunguu, karoti, viazi.

"Mzee, hizi hazijapimwa," keshia akasema.

"Si upime hapo?"

"Hapa hatupimi. Rudi kwenye mizani kule nyuma, ubandikiwe stika."

Mnaijua ile sauti ya foleni? Mmoja akasonya. Mwingine akasema, bila kumtaja mtu, kwamba wazee wengine wangebaki nyumbani wakatuma wajukuu. Mzee akaanza kurudisha mifuko kwenye toroli, mmoja mmoja. "Basi, chukueni tu," akasema. "Mambo haya alikuwa akiyajua mwenzangu, na mwenzangu tumemzika."

Mama akaelewa kwamba huyu anarudi kwenye nyumba tupu bila cha kupika, na wiki ijayo hatathubutu kuja. Akatazama saa ya ukutani. Saa nne na dakika kumi. Wewe ungefanya nini? Usijibu haraka. Kumbuka nyumbani yupo mtu kitini anayesubiri.

"Shikamoo, baba," akasema.

"Marahaba, mwanangu."

"Twende nikuonyeshe mizani ilipo."

Akamwomba keshia aendelee na wengine, akatoka kwenye foleni. Wala hakuishia kumpimia. Alimwambia kila akiingia aanzie pale. Aligeuza karatasi yake akamwandikia nyuma rafu zinavyofuatana. Akamwonyesha kwamba maziwa ya nyuma ya rafu ndiyo yaliyoletwa karibuni, na kwamba vizito vinatangulia kaunta ili mayai yakae juu.

"Mke wangu naye alikuwa anafanya hivi?" mzee akauliza.

"Lazima alikuwa anafanya, baba. Ndiyo maana hukuwahi kuona shida."

Mzee akachukua trei ya mayai rafuni, akaishika kwa mikono miwili. Waliporudi, foleni ilikuwa imeongezeka, nao wakasimama mkiani pamoja.

Mama alifika nyumbani saa tano kamili. Jirani alikuwa mlangoni, mkoba begani, mguu mmoja nje. Mume alikuwa salama kwenye kiti chake.

"Leo umekawia," akasema kwa taabu.

Mama akamweleza yote. Mume akacheka kwa upande ule unaocheka. "Na mbinu zako zote zile?"

"Ndizo zilizonipa nafasi ya kumsaidia mzee yule."

Sasa tujiangalie. Mbinu tunazo. Tunajua njia ya kukwepa msongamano wa magari. Tunajua benchi la kukaa ili baraka ikishatolewa tuwe wa kwanza getini. Nawaona kutoka hapa mbele, na leo benchi lile limejaa. Sina ugomvi na mbinu zenu, zishikeni, tena mfundishane. Nauliza moja tu: tukishaokoa nusu saa, tunampa nani? Yule mama hakuwa na muda kutuzidi. Alikuwa nao mdogo kuliko sote, na huo huo akautoa. Na tusijipe nafasi yake upesi. Sisi tulikuwemo dukani siku ile. Sisi ndio tuliosonya.

Mahubiri yangu leo yalikuwa na sehemu mbili zaidi. Nimezikata. Humu ndani wamo waliofiwa mwezi huu, wamekaa peke yao, na mnajua wamekaa wapi. Nimewaokolea dakika kumi na tano, na hakuna atakayetoka nazo getini. Mimi nakaa chini. Nyinyi simameni, mwende walipo.