Nani Alirusha Ndege Jarubani kwa Shangazi Semeni?

Tegeni sikio, na anayesinzia aamshwe, maana mwisho wa hadithi hii kuna kesi na hakimu hajapatikana.

Chini ya milima ya Nguru, kwenye bonde la mpunga, waliishi watu watatu, watoto wa ndugu, kila mmoja na kipaji chake. Zamoyoni, mwanamke pekee kati yao, alikuwa na kibanda cha kuchaji simu, na chochote chenye betri kilimtii. Mkude alikuwa fundi wa misumeno ya injini. Kitu kisichonguruma na kutoa moshi yeye alikihesabu kuwa maiti. Na Kobelo, mpole, mzito wa maneno, alipewa mkono: akirusha donge la udongo kwa kombeo, linaangukia kijiji cha pili na malalamiko yanarudi kesho yake.

Shangazi yao, Bi Semeni, alikuwa na jaruba la kwanza, pale mfereji unapoanzia. Maji yote yalipita kwake kwanza. Yakifika kwa Zamoyoni, mwisho kabisa wa mfereji, yalikuwa tope la kupaka miguu. Misimu miwili mfululizo Zamoyoni alivuna mapepe matupu, akawa anakwepa macho ya watoto wake wakati wa kula. Alilitaka lile jaruba la kwanza hadi akaona aibu kwa namna alivyolitaka.

Mwaka huo mpunga wa Shangazi ulipoanza kukomaa, kwelea, vile vindege vilavyo nafaka, wakaja kwa makundi. Bi Semeni akapiga debe, akapiga mayowe, sauti ikamkauka.

"Shangazi," Kobelo akasema, "kule shamba kubwa wanafukuza ndege kwa ndege."

"Ndege kwa ndege? Umelewa?"

"Ile ya kuchezea. Unaiongoza kwa rimoti."

Bi Semeni hakutaka maelezo. "Basi sikilizeni. Magoti yangu yamechoka na kilimo. Mwenye kurusha ndege hapa, mpunga wangu ukapona, jaruba hili alilime yeye kuanzia msimu ujao."

Mlisikia alivyosema? Hakusema ndege hii, wala hakusema ndege hawa. Alisema ndege tu, akaenda zake kulala.

Wale watatu wakachangishana, wakaenda mjini. Dukani kulikuwa na ndege mbili za kujifunzia. Moja ya betri, mwili wake mwepesi kama boksi jeupe la kubebea samaki. Nyingine ya injini, mwili wa mbao nyembamba, inakunywa spiriti iliyochanganywa na mafuta.

"Mwanafunzi lazima aangushe," muuzaji akawaambia. "Ya betri ikivunjika unapaka gundi. Ya injini ikianguka, unaokota njiti."

"Hiyo ya betri inapiga kelele?" Mkude akauliza.

"Inavuma kidogo tu."

"Basi hiyo ni feni! Kwelea gani anaogopa feni?"

"Na hiyo yako, kaka," Zamoyoni akadakia, "mpaka plagi uipashe moto, mpaka injini ikubali kuwaka, kwelea watakuwa wamekula wamebeua. Mimi nachaji, naruka."

Ikachukuliwa ya betri. Lakini Mkude hakutoka mikono mitupu. Kwenye kona palikuwa na injini kuukuu iliyofunguliwa kutoka kwenye ndege iliyokufa, pangaboi lake bado lipo. Akainunua na kopo la mafuta yake, akaipakata njia nzima.

"Injini bila ndege ya nini?" Zamoyoni akamcheka.

"Wewe endelea na feni yako."

Shambani, Zamoyoni akachaji betri, akasimama kwenye tuta. Pa kukimbizia ndege hapakuwepo, pote maji, kwa hiyo ilibidi irushwe kwa mkono. Akairusha mwenyewe, kabla hajaiwahi rimoti, pua topeni. Gundi. Akarusha tena. Gundi. Ikafika mahali ile ndege ilikuwa gundi kuliko ndege, na Zamoyoni akakaa chini akalia kabisa.

"Dada," Kobelo akasema, "wewe shika rimoti. Mimi nirushe." Akavuta hatua, akaiachia. Ndege ikapanda, ikanyooka, ikabaki juu.

Sasa kazi ikawa ya Zamoyoni. Ndege ikienda mbali, kulia ni kulia. Ikigeuka kumjia, kulia kunakuwa kushoto! Ikamshukia Shangazi, naye akajitupa majini na kilemba chake.

"Zamoyoni! Unafukuza ndege au unanifukuza mimi?"

Taratibu akajifunza: ikikujia usoni, kijiti cha rimoti kipeleke upande wa bawa lililoinama. Mwishowe akaipitisha chini chini juu ya masuke. Kwelea wakainua macho, wakaitazama, wakaendelea kula.

"Wanadhani ni shemeji yao," Mkude akasema.

Akaleta injini yake, ameipigilia kwenye ubao. Akapasha plagi, akalipiga pangaboi kwa kijiti. Kimya. Akapiga tena, na injini ikatoa yowe hata Shangazi akaziba masikio. Kwelea wakasikia yowe chini, wakaona kivuli cha ndege ya Zamoyoni kinawajia juu. Kundi zima likanyanyuka, likapotelea upande wa milima.

Kesho yake kwelea wakarudi, na ndugu wakajaribu kila namna. Injini peke yake: kwelea waliruka, wakatua palepale. Ndege peke yake: walikula. Kobelo alipochelewa: pua topeni. Basi wakafanya kazi pamoja mpaka mavuno, na mpunga ukapona.

Siku ya kupepeta, Bi Semeni akawaita. "Jaruba haligawanywi. Ukilikata mara tatu, matuta yatalimaliza. Nani alirusha ndege?"

"Mimi," akasema Zamoyoni. "Ilikuwa angani mikononi mwangu."

"Shangazi, kurusha ni mkono," Kobelo akasema. "Dada aliiongoza. Aliyeirusha ni mimi, na kila mtu aliona."

Mkude akacheka. "Nyinyi mlirusha boksi la samaki. Waliokuwa wanakula mpunga ni ndege, na waliruka kwa yowe la injini yangu. Aliyewarusha nani?"

Zamoyoni alijua kwamba bila wao asingefika popote, na alijua pia watoto wake watakula nini akilikosa jaruba lile. Bi Semeni akawatazama mmoja mmoja, akakuna kichwa.

"Nilisema ndege," akanung'unika. "Lakini hata mimi sijui nilimaanisha nini. Nendeni mkaulize watu."

Haya, watu wenyewe ni nyinyi, na maji ya msimu yanakaribia kufunguliwa. Mngemwambia nani achukue jembe, na mngewatazamaje usoni wale wawili mliowanyima?