Kiboko na Watoto wa Chuo cha Mwambani

"Ngano inabisha hodi!"
"Ikaribie, tumekaa!"
"Imekuja na njaa!"
"Tutaipakulia!"

Basi, kwa rehema za Mola, paliondokea Waziri Kiboko, mkubwa wa tumbo, mkubwa wa sauti. Siku moja alipanda kichuguu akatangaza sera ya serikali: "Wanafunzi wa chuo ni watoto! Mtoto hajui kutunza chakula. Ghala lao nitalitunza mimi."

Akalitunza. Asubuhi kwachu-kwachu, mchana kwachu-kwachu, jioni kwachu-kwachu. Mihogo ikaisha, wanafunzi wakakonda. Walipokwenda kulalamika, akawafokea, "Tangu lini mtoto akahoji wakubwa?"

Pimbi, mdogo kuliko wote chuoni, akasema, "Wenzangu, tumeshaambiwa ni watoto. Tuwe watoto basi."

Ikafika siku ya mahafali, mgeni rasmi Mfalme Tembo. Kama ilivyo desturi, wanafunzi walipangwa mstari wamwimbie mgeni. Tembo akaja, ti! ti! ti! Kiboko akapunga mkono. "Imbeni!"

"Ngaa! Ngaa! Ngaa!" Chuo kizima kikalala chali, miguu juu, kinalia. Mungu anisamehe, hapa huwa nacheka hata nikiwa nimefunga.

"Waziri, wana nini hawa?" Tembo akauliza.

"Wahuni tu, Mtukufu. Wamechochewa."

Pimbi akainua kichwa. "Shikamoo, Mtukufu. Serikali yako imetutangaza watoto. Mtoto akishikwa na njaa haandiki barua, analia. Na mlezi wetu ndiye huyu. Baba, tubebe!"

Wakamrukia Kiboko mgongoni, wakaning'inia masikioni.

"Baba, uji!"

"Baba, nimekojoa!"

"Shukeni!" Kiboko akanguruma. "Mimi si baba yenu! Ninyi ni watu wazima, mna ndevu!"

Tembo akatega masikio.

"Watu wazima?" akauliza Tembo.

"Wazima kabisa, Mtukufu!"

"Basi mtu mzima hushika ufunguo wa ghala lake. Wape."

Kiboko akautoa. Wanafunzi wakasimama, majoho yamejaa vumbi, vichwa juu, wakaimba wimbo wa chuo chao, Pimbi akiuongoza, hata mwamba ukaitikia.

Ngano yangu imeingia shimoni, anayeitaka aichimbe. Funzo lake ni hili: watiini wakubwa, wala msiulize ghala liko wapi. Serikali haikosei. Asubuhi walikuwa watoto, mchana wahuni, jioni watu wazima, na mara zote ilisema kweli.

Nawe uliyenisikiliza, nakuomba jambo moja tu: ukikutana na mwanafunzi wa chuo, muulize mwenyewe yeye ni nani.