Ubao wa Salit Katika Mashua ya Wakfu

Mwaka ambao theluji ilianguka kwa wingi milimani, majuma machache kabla ya mavuno ya shayiri, Ubaid bin Sakhar aliondoka bandarini na mashua iliyofumuliwa na kupakiwa juu ya ngamia. Habari yake ilihifadhiwa na watu wa mji wa Nuhaira, nasi tumeipokea kama wao walivyoipokea kwa wazee wao, Mwenyezi Mungu awarehemu wote.

Nuhaira ilikuwa kando ya mto usiofika baharini. Maji yake hushuka kutoka milimani, hupita jangwani, kisha humezwa na mchanga. Kwa hiyo hakuna chombo cha pwani kinachoweza kupanda hadi huko, wala huko hakuna mti wa kutoa mbao. Nyumba zilikuwa ukingo huu na mashamba ukingo wa pili. Watu walikuwa wakivuka kwa mashua moja kuukuu ambayo mwaka ule ilioza hadi mkuku, uti wake wa chini. Wakabaki na mafungu ya matete. Fungu la matete humvusha mtu mmoja mwenye mundu wake. Miganda ya shayiri haliiwezi. Na kila mtu alijua kwamba theluji ikiyeyuka mto hufurika na kufunika mashamba. Shayiri itakayokutwa ng'ambo huchukuliwa na maji, na mji hukaa na njaa mpaka mwaka wa pili.

Wakachanga walichokuwa nacho. Mwenye bangili alitoa bangili, mwenye mbuzi alitoa mbuzi. Walitia nia kwamba mashua itakayonunuliwa iwe wakfu kwa ajili ya Mwenyezi Mungu: imvushe kila mtu, na isiwe mali ya yeyote. Wakamtuma Ubaid, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mvushaji wao, na kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwekea amana akaipata na upungufu.

Walimjua pia kwa jambo jingine. Ubaid hakuweza kutulia. Dada yake mkubwa, Bi Lubaba, mjane mwenye watoto wadogo, alizoea kusema, "Ndugu yangu huyu hata akikaa kwenye mkeka wa chakula, goti moja liko mlangoni."

Mashua za pwani ile hazikupigiliwa misumari. Mbao zilitobolewa matundu ukingoni, zikashonwa pamoja kwa kamba za makumbi ya nazi. Chombo cha namna hiyo hufumuliwa kama nguo, kikabebwa vipande vipande na kushonwa tena mahali ambapo chombo kingine hakifiki. Sharti ni moja. Kila ubao urudi mahali pake, kwa sababu matundu yake yametobolewa kwa mkono yakitazamana na matundu ya ubao wa jirani.

Siku hiyo fundi alifumua mashua mbili za kipimo kimoja. Moja ilikuwa ya Ubaid. Ya pili ilikuwa ya Salit, mbeba chumvi, mtu wa ziwa la chumvi lililo nusu ya njia kati ya bandari na Nuhaira. Wanunuzi hao wawili walisalimiana, wakaulizana kwao ni wapi, basi. Fundi akawa anatia alama: hina kwenye mbao za Ubaid, masizi kwenye mbao za Salit. Hajamaliza, ikaadhiniwa alasiri.

"Naenda kuswali," fundi akasema. "Nikirudi nitamaliza, kisha nitawapakilia mwenyewe. Msiguse kitu."

Salit alifuatana naye msikitini. Ubaid aliswali palepale ufukoni, swala fupi, na alipotoa salamu aliona msafara unaanza kuondoka. Mwenye ngamia, Mbedui aitwaye Mughith, alikuwa amesimama akimngoja.

"Fundi yuko wapi?" Mughith akauliza.

"Anaswali. Mbao zangu nazijua. Nishikie hapa."

Akapakia mwenyewe, zenye hina na zile chache alizoziona hazina alama bado.

Njiani hakumpa Mughith raha. Kila aliyekutana naye alimuuliza habari za theluji. Wenzake walipofunga mizigo alfajiri, yeye alikuwa ameshafunga, anazunguka.

"Nabii Nuh, amani iwe juu yake, walimcheka kwa kujenga safina nchi kavu," Mughith akamwambia. "Sisi safina tumeipandisha ngamia. Watu wakituona watasema nini?"

"Watasema tumechelewa. Mkaze huyo ngamia."

"Ngamia wangu ana miguu minne na hana haraka. Wewe una miwili. Tangulia."

Na kweli alitangulia, akatembea mbele ya msafara karibu njia nzima.

Walipoingia Nuhaira, watu waliwapokea kwa takbira. Mto ulikuwa bado ndani ya kingo zake, lakini maji yalikuwa yamegeuka rangi ya udongo, na watu wa pale waliielewa dalili hiyo. Mbao zikapangwa ufukoni. Aliyeongoza ushonaji alikuwa Hazim, msuka kamba wa mji, mtu wa maneno mengi na mikono myepesi. Kazi ilikwenda vizuri hadi ilipofika zamu ya ubao wa kushoto wa kukaa ubavuni mwa mkuku. Urefu ulikuwa sawa na upana ulikuwa sawa, lakini matundu hayakutazamana hata moja. Hazim aliugeuza. Kwenye pembe kulikuwa na alama ya masizi, ndogo, ya kidole gumba kimoja.

Ubaid aliiona. Alikumbuka ufuko, na sauti ya fundi ikisema msiguse kitu.

"Si neno," Hazim akasema, akachukua keekee yake ya kutobolea. "Natoboa mapya, haya ya zamani naziba kwa makumbi na lami. Kabla ya adhuhuri tuko majini."

Ubaid akaweka kiganja juu ya ubao. "Usitoboe. Huu ni wa Salit, mtu wa ziwa la chumvi."

"Na wako uko kwake. Basi mmebadilishana."

"Kubadilishana ni watu wawili. Mimi nilichukua, yeye hajatoa. Ukishautoboa, kwake umekuwa kuni."

"Ewe Ubaid! Angalia mto ule. Hii ni dharura."

"Dharura bado haijafika. Mto ungali ndani ya kingo zake, na leo kila mtu hapa amekula. Hii mashua ni wakfu, Hazim. Nitamtolea vipi Mwenyezi Mungu ubao ambao si wangu wala si wenu?"

Watu wakapandisha sauti. Mmoja alisema kwamba mvushaji amepata wazimu wa jua. Mwingine alisema mwenye kosa ni yeye, na sasa anataka mji mzima uulipie uchaji wake. Hilo lilimchoma Ubaid, kwa kuwa nusu yake ilikuwa kweli. Mwisho akasogea Bi Lubaba. Shamba lake lilikuwa kwenye makonde ya chini kabisa, ambayo mto huyafikia kwanza.

"Ndugu yangu, shayiri ya nani itaondoka na maji mwanzo?"

"Yako, dada."

"Unalijua hilo na bado unasema usitobolewe?"

"Nalijua."

Bi Lubaba akamwonyesha njia ya jangwani. "Maisha yako yote umekimbia pasipo na sababu," akasema. "Leo sababu ipo. Mbona bado umesimama?"

Ubaid na Mughith wakaondoka saa ile ile, ubao ukiwa umefungwa ubavuni mwa ngamia mmoja. Nia ilikuwa kwenda hadi ziwa la chumvi, kumrudishia Salit ubao wake, na kurudi na wa Nuhaira.

Safari ile ilikuwa nzito kuliko ya kwanza. Safari ya kwanza alichelea theluji tu. Sasa alijichelea mwenyewe. Kila walipopumzika, nafsi yake ilimpigia hesabu ya siku na kumwonyesha watoto wa dada yake. Ilimwambia, rudi, toboa, utamlipa baadaye, atafurahi kulipwa. Akiswali, alikuwa akiharakisha rakaa. Kisha anakumbuka swala fupi ya ufukoni, anaanza upya, taratibu, huku moyo unagonga. Mughith, ambaye hakuwa mtu wa ibada nyingi, siku moja alimngoja hadi akamaliza.

Walipofika kwenye kisima ambapo njia ya ziwa la chumvi huachana na njia ya msafara, walimkuta mtu amekaa kivulini mwa punda wake. Alikuwa Salit. Hakuwa na mzigo ila kiriba cha maji.

Alisimama kabla salamu haijaisha. "Wewe ndiye wa Nuhaira."

"Ndimi. Nilikuwa nakuja kwako. Nimekuletea ubao wako."

Salit akaenda ubavuni mwa ngamia. Akapitisha kidole kwenye matundu, moja baada ya jingine, hadi mwisho wa ubao.

"Hukuutoboa," akasema.

"Si wangu."

Salit akakaa mchangani. "Wako mimi nimeutoboa."

Ubaid akamgeukia.

"Msimu wa chumvi ulikuwa umeanza," Salit akasema. "Ndugu zangu waliniambia mwenyewe yuko mbali, na kosa si lako, toboa. Nikatoboa. Mashua haivuji hata tone. Lakini tangu siku ile nikisimama kuswali ndani yake, sijui niko rakaa ya ngapi. Nikamwambia mke wangu, naenda Nuhaira. Nikuombe uniwie radhi, na usiponiwia radhi niifumue."

Ubaid aliondoka pale akakizunguka kisima. Ghadhabu ilimpanda. Siku zote zile mto ulikuwa ukijaa, na mtu huyu alikuwa amemaliza kazi yake kwa alasiri moja, akabeba chumvi yake, sasa amekuja kuomba radhi. Alizunguka mara nyingine.

Mughith akamwambia ngamia wake, kwa sauti ya kusikika, "Umesikia, mwanangu? Mmoja kabeba ubao, mwingine kabeba dhambi, na wewe umewabeba wote."

Salit alicheka bila kutaka. Ubaid akasimama.

"Mwanzo wa kosa ni mimi," akasema. "Fundi alisema tungoje, wewe ulingoja. Mimi sikungoja. Kwa upande wangu, nimekuwia radhi, nawe uniwie radhi."

"Nimekuwia radhi. Na ubao huu ni wako tangu sasa, kwa ule niliouharibu. Ufanye utakavyo, ni halali yako."

"Shuhudia, Mughith," Ubaid akasema. Kisha akakumbuka jambo ambalo lingemrahisishia safari kama angelisahau. "Lakini ubao uliotoboa haukuwa mali yangu. Ulinunuliwa kwa michango ya watu wa Nuhaira, mimi ni mjumbe wao tu. Siwezi kusamehe kwa niaba ya mtu aliyetoa mbuzi wake. Itabidi uje uwaombe wao."

"Wakikataa?"

"Wakikataa tutaketi wote wawili tuone la kufanya. Panda punda wako."

Walirudi wakitembea mchana wote. Walipofika, maji yalikuwa yameshakula hatua kadhaa za ufuko, na watu walikuwa wameivuta mashua juu zaidi. Salit alisimama mbele ya watu asiowajua, akaeleza alichofanya, hakupunguza. Hazim alikuwa na keekee mkononi tangu alipowaona kwa mbali.

"Tumekusamehe!" Hazim akapaza sauti. "Wallahi tumekusamehe, na baba yako tumemsamehe, leta ubao!"

Watu wakacheka, na wengi wao walikuwa hawajacheka siku nyingi. Lakini Salit hakutosheka. Akapita kwa wakubwa wa kila nyumba, mmoja mmoja, akisema, niwieni radhi, mpaka akafika kwa Bi Lubaba, aliyekuwa amesimama pembeni akitazama ng'ambo.

"Umekula chakula cha mchana?" Bi Lubaba akamuuliza.

"Bado, mama."

"Basi kule kuna mkate. Ukimaliza, shika kamba. Nimekuwia radhi."

Ubao ukatobolewa, ukashonwa, ukapakwa lami. Hazim hakurudia tena neno la dharura.

Ndugu zangu waumini, msomaji anaweza kuuliza Salit alifaidi nini kwa kutubu baada ya kazi yake kwisha, na Ubaid alipata nini kwa kukawia kushona. Hatukusikia kwamba mmoja wao aliongezewa mali. Tulichosikia ni kwamba mtu aliyeishi kwa pupa alipewa mtihani katika pupa yake, akakimbia mwendo wote huo bila kuigusa haki ya mwenzake. Subira haikumkalisha chini, na wala moyo wake haukutulia hata siku moja. Mkono wake ndio uliotulia, juu ya ubao, keekee ilipokuwa karibu. Huenda kwa wengi wetu hicho ndicho kipimo tunachokiweza, nasi tunamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie walau hicho.

Wapo wasimuliao kwamba mto ulisimama ukawangoja hadi mavuno yakaisha. Hilo halikuthibiti kwetu. Lililothibiti ni kwamba mashua ilishuka majini siku ya Ijumaa baada ya swala, Ubaid akishika kasia la kulia na Salit la kushoto. Iliivusha shayiri ya mashamba ya juu yote. Makonde ya chini yalikuwa yameshafunikwa, na shamba la Bi Lubaba lilikuwa miongoni mwao. Jioni ile watu walipogawana, miganda ya kwanza ilipelekwa nyumbani kwake.