Shoka la Zimwi na Mlangilangi wa Mwanakheri

Haya, sogeeni karibu, na mwenye jirani kama huyu asikilize mara mbili.

Mwanakheri alikuwa na mlangilangi, mti wa maua ya kunukia, uani kwake. Kila binti aliyekaribia kuolewa alikwenda kumwomba maua ya kikuba cha kuvaa kifuani. Jirani yake, Bi Zuhra, aliwachungulia roho ikimuuma. Mti si wake, kiwanja si chake, lakini ati lazima ukatwe. Niambieni, hoja iko wapi hapo?

Mwanakheri alipokataa, Bi Zuhra akaenda kwa zimwi kuazima shoka linalokata lenyewe.

"Litakata ukiliambia kweli tu," zimwi likasema.

Akalifikisha nyumbani. Shoka likauliza, "Mti una kosa gani?"

"Majani yake yananichafulia uwanja."

"Uongo," likasema, wala halikutikisika.

"Mizizi yake itaniangushia ukuta."

"Uongo, bibi wee."

Hasira zikampanda Bi Zuhra. "Wanawali wote wanabisha kwa Mwanakheri. Mlangoni kwangu habishi hata mmoja!"

"Hiyo ndiyo kweli. Basi mlango usiobishwa wa nini?"

Shoka likaruka, likaupasua mlango wa Bi Zuhra vipande vipande. Na kila fundi anapomtilia mlango mwingine, shoka hurudi kuupasua.

Sasa harufu ya langilangi huingia kwa Bi Zuhra bila hodi, mpaka kitandani. Naye hujifunika shuka gubigubi, akavuta pumzi kidogo kidogo, asije akaipenda.