Jiwe la Gari ni Figa la Mwenzio

"Jiwe la gari ni figa la mwenzio." Ndivyo Mama Sechonge alivyomwambia mkwewe asubuhi hii, mbuzi walipokwisha kumaliza mahindi. Mkwe alikuwa ameuzuia mlango wa zizi kwa kigoda. Akaja mgeni, akaona kigoda, akakivuta akakaa. Ninyi mkacheka mpaka mkashika mbavu, kisha mkaja kuniuliza gari na figa vinawahusu nini mbuzi. Haya, kaeni. Anayetaka kuchezea simu akachezee nje.

Methali hii ilianza hivi.

Hapa hapa Kwezinga, kabla barabara haijawekwa lami, alikuwapo bwana mmoja akiitwa Shemhilu. Alikuwa na gari la pikapu alilolinunua Tanga kwa mtu aliyekuwa akibebea samaki. Gari lile lilikuwa limekula chumvi nyingi, na kwa maana zote mbili: lilikuwa zee, tena chumvi ya pwani ilikuwa imelitafuna chini mpaka ukiinua mkeka wa sakafuni unaiona barabara. Hata hivyo lilipanda milima yetu, na kabichi zetu zilifika sokoni kwa ajili yake. Kwa hilo tulimheshimu Shemhilu, ingawa alitupigia honi sana.

Ubovu wake ulikuwa breki ya mkono. Breki ya mguu ilishika vizuri, lakini ile ya kuegeshea, ukiivuta inakuja yote juu, na magurudumu ya nyuma hayana habari. Sasa ninyi mnajua huku kwetu hakuna mahali tambarare pa kutosha hata kuanika maharage. Gari lililala juu ya mteremko, na chini yake, hatua chache tu, ndipo lilipokuwa jiko la nje la mkewe, Mama Zahabu. Kwa hiyo Shemhilu akiegesha, hutia gia, halafu hushuka na kuweka jiwe nyuma ya gurudumu. Alilichagua mtoni mwenyewe, bapa upande mmoja, akalipa na jina: Askari.

Kupaza, fundi wa magari, alikuwa kaka yake Mama Zahabu. Kila akipita alimwambia, "Shemeji, kutu imekamata huko ndani. Niachie gari nifungue magurudumu ya nyuma."

"Kabichi zitaoza," Shemhilu anajibu. "Na Askari yupo."

Mama Zahabu naye alimwambia, si kwa ugomvi, "Baba Zahabu, wewe unakaa ndani ya gari. Anayekaa chini yake ni mimi."

Shemhilu alicheka. Hakuwa mtu mbaya, msimwelewe vibaya. Kitu kilichokuwa hakijamdhuru alikiona kizima, basi.

Ikafika harusi ya Zahabu, binti yao. Katika ukoo ule, sufuria la kwanza la karamu huinjikwa na shangazi, na shangazi alikuwa Bi Kibibi, dada wa baba yake Shemhilu, aliyetoka Korogwe siku hiyo hiyo. Alifika, akajifunga kanga kiunoni, akakuta jiko kubwa lina mafiga mawili. La tatu lilikuwa limepasuka kwa moto. Akatazama huku na huku. Akapanda kidogo, akaliona jiwe zuri, bapa upande mmoja, limetulia nyuma ya gurudumu. Akalisukuma kwa mguu, likatoka. Akalibeba huku akimsifu mpwawe kwa kumwekea figa mahali pa kuonekana.

Gari halikusogea, kwa kuwa gia ilikuwa bado imelishika. Sufuria likainjikwa. Baadaye vijana wakaja kushusha magunia ya mchele, wakapanda na kuruka, gari likatikisika, na gia ikachomoka.

Lilikuja kimyakimya, maana injini ilikuwa imezimwa. Mama Zahabu alikuwa ameinama anapuliza moto. Mtu mmoja alipiga kelele, naye akajitupa kando, lakini mguu mmoja ulichelewa. Gurudumu lilipita juu yake, gari likapindua sufuria, likagota kwenye ukingo wa shamba. Mfupa ulivunjika chini ya goti.

Mama Zahabu alipokwisha kupelekwa hospitali, Shemhilu alirudi nyumbani. Hofu ikikosa pa kwenda hugeuka hasira. Alisimama katikati ya uwanja akauliza, "Nani katoa jiwe langu?"

"Mimi," akasema Bi Kibibi. "Ila sikutoa jiwe lako, mwanangu. Nilichukua figa."

"Shangazi, lile ni breki!"

"Breki?" Bi Kibibi alikuwa analia, lakini sauti yake haikuyumba. "Breki ya gari inakaa kwenye gari. Mimi nina sufuria mkononi, nimeona jiwe chini. Jiwe la gari lako ni figa langu. Kesho mwingine ataliona ni la kupondea karanga, na watoto wataliona ni goli. Utatuwekea sote walinzi? Mguu wa mkwe wangu nitaulilia mpaka naingia kaburini. Lakini breki hukuwa nayo tangu jana, na juzi, na mwaka jana."

Watu waliinamisha vichwa. Lakini Shemhilu hakuelewa. Alichofanya ni kutafuta mawe mawili makubwa zaidi, akalirudisha gari mahali pake, akayaweka yote mawili. Ndivyo tulivyo.

Mama Zahabu alirudi na mguu wake ndani ya plasta, akalazwa kibarazani. Zahabu alikuwa kwa mumewe. Nani apike? Shemhilu akaketi kwenye kigoda cha mkewe, mteremkoni chini ya gari lake mwenyewe, akaanza kumenya viazi. Akamenya kimoja, akageuza shingo kuangalia juu. Mbuzi akalia, akaangalia juu. Upepo ukatikisa migomba, akaruka na sufuria. Ugali ukaungua.

Akamgeukia mkewe. "Mama Zahabu, miaka yote hii umekuwa ukipika hivi?"

"Ulidhani shingo inaniuma kwa uzee?" akasema mkewe.

Shemhilu aliona aibu iliyomfikia mifupani. Akaacha viazi, akaenda kumwita Kupaza.

Kazi ile haikuwa ya mchezo. Dramu za nyuma, yale masufuria ya chuma yaliyo ndani ya magurudumu, zilikuwa zimegandana na kutu, zikakataa kutoka. Walimwagia mafuta ya taa, wakasubiri, wakagonga pembeni kwa nyundo, taratibu, pande zote. Ilipotoka ya kwanza, kutu ilimwagika kama unga wa muhogo mbovu. Breki shuu, vile vipande viwili vinavyotanuka ndani na kubana dramu, vilikuwa vimelika. Kijiti cha kuvitanua kilikuwa kimeganda, na waya wake umenatana ndani ya mpira wake.

"Nyumbani mwa breki hamna breki, shemeji," akasema Kupaza.

Shemhilu alisugua kila chuma kwa brashi ya waya mpaka vidole vikavuja damu. Wakatia shuu mpya na waya mpya, wakapaka grisi, wakakaza. Kisha akaliegesha gari mahali pale pale, akavuta breki, akatoa gia, akaruka juu ya bodi kama vijana wa harusi. Gari halikusogea hata ukucha. Yale mawe mawili akayaviringishia korongoni.

Mama Zahabu aliporudi jikoni alikuwa anachechemea, na alichechemea hadi mwisho wa maisha yake. Alisimama akalitazama gari. Akatazama nyuma ya magurudumu, pakavu, hapana kitu. Shemhilu alikuwa amesimama kando. Basi mama yule akavuta kigoda chake, akaligeuzia gari mgongo, akainama kupuliza moto.

Jiwe la gari ni figa la mwenzio.