Kanga na Panga la Tumbili

"Paukwa!"
"Pakawa!"
"Masikio mmeyaacha nyumbani?"
"Tumekuja nayo, yana njaa!"

Basi hapo zamani za kale, kwenye kilima cha migomba, aliishi Kanga na watoto wake. Binti yake mkubwa alikuwa ameposwa, na wakwe walitaka ndizi za harusi zitoke shambani kwa mama. Zikikosekana, hakuna harusi!

Huko kusaidiana ndiyo desturi. Tumbili, fundi wa kupogoa migomba, alizunguka shamba hadi shamba na panga moja, akiimba:

"Panga langu kali, kwa jirani halilali!"

Akapogoa kwa Ngiri. Lo! Majani yakawa manjano, yakanyauka, ndizi zikaoza zingali changa. Akapogoa kwa Fungo. Yaleyale! Ukikata mgomba, unatoka usaha wa manjano.

"Uchawi!" akalia Ngiri.

"Bundi huyo!" akadakia Fungo.

Kanga akawaza. Mbona ugonjwa unafuata njia ya panga?

Kulipokucha, Tumbili huyo, anaimba! "Hodi, mama harusi! Nimekuja kukusaidia."

"Karibu, jirani. Ila panga lipite motoni kwanza, lisije likaleta ugonjwa."

"Motoni? Kwani mimi mchafu?" Tumbili akanuna, mkia juu, akataka kuondoka.

Kumfukuza msaidizi ni aibu. Kanga akafikiri upesi. "Mchafu nani, jirani? Ndizi za harusi hukatwa kwa panga lililopita motoni. Ndiyo heshima ya fundi mkuu!"

Fundi mkuu! Kichwa kikamvimba Tumbili, akalichomeka panga kwenye makaa mwenyewe. Kanga naye akavunja maua mekundu ya migomba kwa kijiti chenye panda, nyuki wasije wakaleta ugonjwa kutoka kwa majirani.

Kutoka hapo Tumbili akaenda kwa Fungo kukata migomba iliyooza, kisha akaingia shambani kwake mwenyewe na panga lilelile. "Kwangu hakuna harusi," akasema, "moto wa nini?"

Siku ya harusi ikafika. Vigelegele! Ndizi tele! Tumbili akaja analia.

"Kanga, shamba langu limekwisha! Ulijua, mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia kweli, ukanuna. Nikakudanganya, ukanisikia."



Enyi wasikilizaji, kinga ni bora kuliko tiba. Safisheni panga kwa moto kabla ya kuvuka mpaka wa shamba, na mwenye kuwaambia ukweli msimnunie.

Ngano yangu naitua hapa. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, niachieni nitafune mwenyewe.